Ufundishaji wa kusoma na kuandika katika madarasa ya kati

Ufundishaji wa kusoma na kuandika katika madarasa ya kati ni kazi ya kuwaendeleza katika stadi hizo mbili wanafunzi wenye umri wa miaka 11 hadi 14 hivi. Hao ni wanafunzi ambao wamekwisha kujua herufi na silabi, lakini bado hawajawa wasomaji wala waandishi wa kujitegemea. Nchini Tanzania umri huo huangukia kati ya darasa la tano na kidato cha pili. Nchini Kenya ni gredi ya 6 hadi ya 9.

Kundi hili husahaulika kwa urahisi. Juhudi nyingi za serikali na wafadhili huelekezwa kwenye madarasa ya mwanzo, yaani KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu), kisha watu hudhani kwamba mtoto aliyejua kusoma darasa la pili amemaliza kazi. Mwalimu wa historia au wa jiografia wa kidato cha kwanza ndiye anayegundua baadaye kwamba kazi haikwisha.

Jina na historia

Katika Tanganyika ya miaka ya 1950 kulikuwa na shule zilizoitwa shule za kati, zenye darasa la tano hadi la nane. Zilisimama baina ya shule ya msingi ya miaka minne na sekondari, na mtihani wa darasa la nne ndio uliochuja wachache wa kuingia humo. Baada ya uhuru madarasa hayo yaliunganishwa na shule za msingi, na darasa la nane likaondolewa, hivyo elimu ya msingi ikawa ya miaka saba. Jina la shule za kati likabaki katika kumbukumbu za wazee.

Nchini Marekani shule ya namna hii ya kwanza kutajwa mara nyingi ni ile iliyofunguliwa mjini Columbus, Ohio, mwaka 1909. Huko leo hujumuisha kwa kawaida gredi ya 6 hadi ya 8, na tafiti nyingi juu ya kusoma kwa vijana wa umri huu zimetoka huko. Kenya ilirudisha ngazi ya kati Januari 2023, wakati gredi ya 7 ya kwanza ilipoanza katika sekondari msingi, ambayo ina gredi tatu. Mtihani wa KCPE, uliokuwa ukimaliza elimu ya msingi tangu mwaka 1985, ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023.

Kutamka si kuelewa

Mtaalamu wa Marekani Jeanne Chall, katika kitabu chake cha mwaka 1983 juu ya hatua za kusoma, alitofautisha kujifunza kusoma na kusoma ili kujifunza. Kwa maoni yake mpito huo huanza mnamo gredi ya 4. Kabla ya hapo kitabu humpa mtoto maneno anayoyafahamu tayari kwa masikio. Baada ya hapo humpa maneno na mambo ambayo hajawahi kuyasikia nyumbani. Wanafunzi wengi waliokuwa wakisoma vizuri hukwama hapo.

Katika Kiswahili ugumu huu hujificha zaidi kuliko katika Kiingereza, kwa sababu maandishi ya Kiswahili hufuata matamshi. Anayejua silabi zake anaweza kusoma kwa sauti ukurasa wowote, hata wa sheria au wa kemia, bila kukosea. Msikilizaji husema, "Mtoto huyu anasoma." Mfano mmoja unatosha kuonyesha kasoro ya hukumu hiyo. Chukua sentensi hii ambayo maneno yake makuu yamebuniwa tu na hayana maana yoyote:

Kitungwe kilizegua vizombe vitatu penye mlefu.

Sasa uliza maswali ya ufahamu. Kitungwe kilizegua nini? Vizombe vitatu. Vingapi? Vitatu. Kilivizegua wapi? Penye mlefu. Mwanafunzi amepata alama zote, na hajui lolote. Viambishi vya ngeli vimemwongoza mpaka kwenye jibu. Sehemu kubwa ya maswali ya ufahamu yanayofuata vifungu katika vitabu vya kiada na mitihani ni ya aina hii: neno la swali hutafutwa kwenye kifungu, na kilicho kando yake hunakiliwa. Mwanafunzi anaweza kupita darasa la tano, la sita na la saba kwa ufundi huo, na asijue mwenyewe kwamba haelewi.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa mwalimu wa madarasa ya kati si kama mwanafunzi anasoma kwa kasi gani, bali kama kuna sababu yoyote inayomlazimu kuelewa anachokisoma. Mbinu zilizoelezwa hapa chini zinatofautiana sana, ila zote zina jambo moja: zinamweka mtu halisi upande wa pili wa maandishi, mtu atakayeuliza, kubisha, kucheka, au kushindwa kufanya kazi kama maandishi hayakueleweka.

Kusoma

Desturi iliyoenea zaidi ni kusoma kwa zamu: mwanafunzi mmoja husimama akasoma aya, akaketi, akasimama mwingine. Ni desturi rahisi kuisimamia na haina faida kubwa. Anayesoma hushughulika na matamshi, anayengoja zamu huhesabu aya ili ajue ipi itamwangukia, na aliyekwisha kusoma hupumzika. Kwa kijana wa miaka 13 ambaye sauti yake inavunjika au ambaye hukwama kwenye maneno marefu, zamu hiyo ni aibu tupu mbele ya wenzake, na katika umri huo aibu haisahauliki upesi. Wapo wanaoacha shule siku wanayojua wataitwa kusoma.

Afadhali mwalimu asome mwenyewe. Kusomewa si jambo la watoto wadogo tu. Dakika kumi za kusomewa hadithi na mtu anayejua mahali pa kutua, mahali pa kushusha sauti na mahali pa kufanya haraka huwapa wanafunzi mlio wa lugha ya maandishi, ambao ni tofauti na wa mazungumzo. Walimu wenye uzoefu hukatiza hadithi pale inapokolea, hufunga kitabu, na kukiacha juu ya meza. Kitabu hicho hakikosi mwizi wa kukisoma wakati wa mapumziko.

Kufundishana kwa zamu

Mwaka 1984 watafiti wa Marekani Annemarie Palincsar na Ann Brown walichapisha matokeo ya kazi yao na wanafunzi wa gredi ya 7 waliokuwa na tatizo lile lile lililotajwa hapo juu: walitamka vizuri lakini hawakuelewa. Mbinu yao ilikuwa mazungumzo katika kikundi kidogo. Kila baada ya aya mwanafunzi mmoja hushika nafasi ya mwalimu na kuongoza mambo manne: kuuliza swali, kufafanua kilicho kigumu, kufupisha, na kubashiri kitakachofuata. Mwalimu huonyesha kwanza, kisha hujiondoa kidogo kidogo. Baada ya siku 20 hivi za mafunzo alama za ufahamu za wanafunzi hao zilipanda sana, na mbinu hiyo imejaribiwa tangu wakati huo katika nchi nyingi.

Tuseme kikundi cha wanafunzi watano kina aya hii:

"Mkoko hauogopi chumvi. Huota kwenye matope ambayo bahari huyafunika na kuyafunua mara mbili kwa siku inapojaa na kupwa. Baadhi ya mizizi yake huchomoza juu ya matope kama vidole, nayo hupitisha hewa. Watu wa pwani wameikata mikoko kwa karne nyingi ili kupata boriti za nyumba zao."

Kiongozi wa kwanza karibu daima huuliza, "Mkoko huota wapi?" Hilo ni swali la vizombe vitatu. Mwalimu aliyekaa na kikundi halikatai, ila huongeza la kwake: "Mizizi ya miti mingi huenda chini. Hii kwa nini itoke juu?" Jibu halimo katika neno lolote moja la aya, lazima matope, maji na hewa viunganishwe kichwani. Kwenye kufafanua, mtoto wa Dodoma atauliza kupwa ni nini na wa Tanga atamweleza, na huyo wa Tanga labda ndiye aliyekuwa mnyonge wa kikundi mpaka dakika hiyo. Kufupisha kwa sentensi moja ndiko kugumu kuliko yote, kwa sababu wanafunzi wamezoea kunakili sentensi ya kwanza na kuiita ufupisho. Kubashiri ni rahisi na hupendwa: aya inayofuata bila shaka itasema kuhusu hasara ya kukata mikoko. Wakiona kwamba haikusema hivyo, husoma kwa hasira kidogo, na hilo si baya.

Inachukua wiki kadhaa kabla ya vikundi kuongoza vyenyewe. Mwalimu anayejaribu siku mbili na kuona fujo akaacha, hajaijaribu mbinu.

Vitabu

Hakuna mbinu inayofaa pasipo kitu cha kusoma. Jambo hili lilipimwa vizuri nchini Fiji kuanzia mwaka 1980, katika shule za vijijini ambako watoto walijifunza Kiingereza kama lugha ya pili. Warwick Elley na Francis Mangubhai waliyapa madarasa ya nne na ya tano vitabu 250 vya hadithi vyenye picha na visa vya kuvutia. Katika baadhi ya madarasa watoto walisoma kimya tu kila siku, katika mengine mwalimu alisoma na kujadili nao. Makundi yote mawili yaliendelea katika kusoma kwa kasi iliyokaribia mara mbili ya wenzao waliofuata kitabu cha kiada peke yake, na baadaye faida hiyo ikaonekana hata katika kuandika. Watoto hao hawakufundishwa sarufi zaidi. Walisoma zaidi.

Katika Afrika Mashariki Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ulioanzishwa mwaka 1991, umesaidia kuchapisha na kusambaza vitabu vya hadithi vya Kiswahili. Mradi wa African Storybook, ulioanzia Afrika Kusini, huweka hadithi katika lugha nyingi za Kiafrika, Kiswahili kikiwemo, ambazo mtu yeyote anaruhusiwa kuzichapa na kuzigawa bila malipo. Nyingi ni za watoto wadogo, lakini wanafunzi wa darasa la sita wanaweza kuzitumia kwa kazi itakayoelezwa baadaye. Kasoro kubwa haiko kwenye uhaba peke yake. Kuna shule zenye vitabu vilivyofungiwa kabatini ofisini kwa mkuu kwa kuogopa visiharibike, navyo huharibiwa na mchwa.

Panapokuwa na nakala moja tu, kitabu kinaweza kugawanywa. Mwanasaikolojia Elliot Aronson alibuni mwaka 1971, katika shule za Austin, Texas, namna ya kufanya kazi ambayo kila mwanafunzi hupewa kipande kimoja cha somo na kuwajibika kukifundisha kwa wenzake. Aronson alitafuta dawa ya uhasama kati ya watoto wa rangi tofauti waliokuwa wamechanganywa madarasani, lakini kwa mwalimu mwenye kitabu kimoja faida ni nyingine. Hadithi ya kurasa 24 iliyogawanywa vipande sita huwapa kazi wanafunzi sita kwa wakati mmoja. Kila mmoja anajua kipande chake tu, na hadithi nzima haiwezi kujulikana mpaka wote waeleze. Anayesoma kwa kutamka tu hugundulika mara moja. Hagunduliwi na mwalimu, bali na wenzake wanaotaka kujua yule fisi aliishia wapi.

Kuandika

Katika shule nyingi neno kuandika lina maana ya kunakili. Mwalimu au kiranja hujaza ubao, darasa huhamisha kilichoko ubaoni hadi daftarini. Siku ya insha mwanafunzi huyo huyo hutakiwa ghafla kutunga kurasa mbili juu ya sherehe aliyohudhuria, na hana uzoefu wowote wa kutoa sentensi kichwani mwake. Hukimbilia alichokariri. Ndiyo maana katika rundo la insha 40 nusu huanza na jua likichomoza na ndege wakiimba, hata kama sherehe ilikuwa usiku. Walimu wengine huyahimiza mapambo hayo na kuyapa alama. Kukariri misemo na methali kuna nafasi yake, kwa kuwa lugha hujengwa pia kwa kuiga, lakini mapambo yasiyo na nyumba nyuma yake hayamfundishi mtoto kuandika.

Mwalimu wa Marekani Nancie Atwell, aliyefundisha gredi ya 8 katika jimbo la Maine, alieleza katika kitabu chake In the Middle cha mwaka 1987 jinsi alivyoligeuza darasa kuwa karakana: wanafunzi huchagua wenyewe cha kuandika, huandika rasimu, humsomea mwenzao, hurekebisha, na mwishowe huchapisha kwa namna yoyote ile. Mwalimu hupita kati yao akisikiliza. Mwaka 2015 Atwell alikuwa mtu wa kwanza kupewa tuzo ya kimataifa ya mwalimu bora iitwayo Global Teacher Prize. Darasa lake lilikuwa dogo kuliko madarasa ya Temeke au Kibera, hilo halina ubishi. Ila kiini cha kazi yake hakitegemei ukubwa wa darasa: maandishi ya mwanafunzi yasomwe na mtu ambaye si msahihishaji.

Kazi ya maelekezo ni mfano rahisi. Mwanafunzi huandika namna ya kufunga mzigo wa kuni kwenye baiskeli, au kuanza kusuka ukili, au kukunja ndege ya karatasi. Mwenzake huchukua maandishi hayo na kuyafuata neno kwa neno bila kuuliza, huku mwandishi akiwa amekatazwa kusema. Ndege isiporuka, mwandishi haelezwi kosa lake, analiona. Huomba karatasi yake arekebishe, na mwalimu ambaye kwa miaka amewasihi wanafunzi wake wapitie upya kazi zao hushangaa kusikia ombi hilo.

Gazeti la ukutani pia linastahili nafasi shuleni. Halihitaji zaidi ya karatasi, kalamu na gundi ya wanga. Huwa na habari za mechi, matangazo, barua za malalamiko juu ya uji, vitendawili vya wiki. Kosa la tahajia lililobandikwa mlangoni pa darasa husahihishwa na wapita njia kabla ya saa nne. Kazi nyingine ni kuwahoji wazee: kijiji kilipataje jina lake, nani alichimba kisima, shule ilijengwa kwa nguvu za nani. Mwanafunzi hurudi na habari ambazo mwalimu hana, na kwa mara moja ndiye mwenye kujua. Kurasa hizo zikishonwa pamoja huwa kitabu cha maktaba ya darasa, na huazimwa kuliko vingine kwa kuwa babu wa mtu yumo.

Malumbano

Watu wa Kiswahili wana shule yao ya kuandika kwa ajili ya msomaji wa kweli, nayo ni malumbano ya mashairi. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza kutoka Dar es Salaam mwaka 1923, lilikuwa na ukurasa wa mashairi ambamo watu waliulizana na kujibizana, na magazeti ya baadaye yakaendeleza desturi hiyo. Washairi wengi waliojibizana humo walikuwa watu wa kazi za kawaida. Darasani mwanafunzi mmoja hutoa beti mbili za kudai, kwa mfano, kwamba simu ni bora kuliko kitabu, na wiki inayofuata wengine humjibu kwa vina vile vile.

Tarbia ya kawaida ina mistari minne, kila mstari mizani 16, nane kila kipande. Walimu wengi hufundisha hesabu hiyo kama jambo la mtihani, na wanafunzi huichukia. Katika malumbano hesabu huwa chombo cha kurekebishia. Anayetaka kusema "Simu yako inawaka moto" huhesabu akapata mizani 10. Hujaribu "Simu yako yawaka moto": 9. Huhangaika, hung'ata kalamu, kisha huandika "Simu yako ina moto", mizani nane kamili, na kumalizia kipande cha pili "kitabu ni cha baridi". Amepitia rasimu tatu za kipande kimoja kwa hiari yake. Amepima maana ya kuwaka na kuwa na moto. Hakuna zoezi la sarufi linaloweza kumfanyisha kazi hiyo kwa furaha.

Sarufi na sentensi

Mwaka 2007 Steve Graham na Dolores Perin walitoa ripoti iitwayo Writing Next, iliyojumlisha tafiti nyingi juu ya kuandika kwa wanafunzi wa gredi ya 4 hadi ya 12. Kilichosaidia zaidi kilikuwa kuwafundisha wanafunzi waziwazi namna ya kupanga, kuandika na kurekebisha. Sarufi iliyofundishwa peke yake, mbali na kuandika, haikuboresha maandishi yao. Kuunganisha sentensi kulisaidia.

Zoezi lenyewe ni jepesi. Mwalimu huandika: Mvuvi alirudi. Hakupata samaki. Bahari ilikuwa imechafuka. Darasa huunganisha. Mmoja ataandika, "Mvuvi alirudi bila samaki kwa kuwa bahari ilikuwa imechafuka." Mwingine: "Ingawa bahari ilikuwa imechafuka, mvuvi alirudi, ila bila samaki." Ya kwanza humsikitikia mvuvi kwa kukosa samaki; ya pili hushangilia kwamba yuko hai. Mjadala wa ipi inafaa kwa mke wa mvuvi na ipi kwa mwenye chombo ni somo zima la sarufi, na hakuna aliyesinzia.

Imla pia inaweza kuchangamka. Kifungu kifupi hubandikwa nje ya mlango. Wanafunzi hukaa wawili wawili. Mmoja hukimbia, husoma kiasi anachoweza kukumbuka, hurudi na kumwambia mwenzake aandike. Nusu ya kifungu ikifika hubadilishana. Kelele ni nyingi, na mkuu wa shule huenda akaja kuchungulia.

Kuvuka kwenda kidato cha kwanza

Kwa mwanafunzi wa shule ya serikali ya Tanzania madarasa ya kati yana mpasuko katikati. Mpaka darasa la saba amesoma karibu kila somo kwa Kiswahili. Januari inayofuata karibu vitabu vyote ni vya Kiingereza. Tayari mwaka 1984 ripoti ya Clive Criper na William Dodd ilionyesha kwamba wanafunzi wengi wa sekondari hawakuwa na Kiingereza cha kuwawezesha kujifunza masomo mengine. Mjadala juu ya lugha ya kufundishia umeendelea tangu hapo, na hauhitaji kurudiwa hapa. Mwanafunzi aliyeko darasani leo hawezi kuusubiri umalizike. Mbele yake kuna Upimaji wa Kitaifa wa Kidato cha Pili, ambao asiyeufaulu hutakiwa kurudia mwaka. Mashariki mwa Kongo mtoto aliyeanza kwa Kiswahili hukutana na mpasuko wa namna hiyo anapohamia Kifaransa.

Wiki za mwanzo za kidato cha kwanza hutengwa katika shule nyingi kwa ajili ya kozi ya Kiingereza. Zinazotumika vizuri hutumia vitabu vifupi vya hadithi kama Hawa the Bus Driver cha Richard Mabala, ambacho sentensi zake ni fupi na mambo yake ni ya mitaa anayoijua mwanafunzi. Baadaye, katika masomo mengine, inasaidia kutenganisha kufikiri na lugha mpya. Wanafunzi hujadili kwa Kiswahili kwa nini mmomonyoko wa udongo hutokea, wakishaelewana hupewa maneno kumi ya Kiingereza ya mada hiyo, ndipo huandika aya yao kwa Kiingereza. Walimu wengine hukataza Kiswahili kabisa na kuwavisha watoto kibao shingoni wanapoteleza. Mtoto aliyevishwa kibao hujifunza kunyamaza, na anayenyamaza haandiki.

Waliobaki nyuma

Katika kila darasa la tano wapo wasiojua kusoma hata kidogo. Tathmini za Uwezo, zilizoanza Kenya mwaka 2009 na kuenea Tanzania na Uganda, ziliwapima watoto majumbani kwa hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili na kuonyesha kwamba wengi wa madarasa ya juu hawakuweza kuisoma. Wanafunzi hawa hawasaidiwi na mbinu zilizotajwa hapo juu mpaka wapate silabi kwanza. Shirika la Pratham la India huwapanga watoto wa madarasa tofauti kwa kiwango chao cha kusoma kwa saa moja au mbili kwa siku, badala ya darasa lao, na mpango huo umeigwa katika nchi kadhaa za Afrika.

Tatizo ni heshima. Kijana wa miaka 13 hatakubali kuonekana na kitabu cha "baba, baka, bata". Hapa ndipo vile vitabu vya hadithi vya watoto wadogo vinapofaa: hupewa kazi ya kuwasomea darasa la kwanza kila Ijumaa. Anapaswa kujiandaa, kwa hiyo hurudia kitabu hicho rahisi mara kumi nyuma ya jengo, na ana sababu nzuri ya kukibeba. Watoto wadogo humwita kaka au dada na kumgombania.

Kusahihisha

Kinachozuia walimu wengi kutoa kazi za kuandika si uvivu bali hesabu. Daftari 80 kwa dakika tano kila moja ni dakika 400, yaani saa 6 na dakika 40 kwa insha moja ya darasa moja. Mwalimu ana madarasa manne.

Njia ya kutoka ni kukubali kwamba si kila kinachoandikwa hadi kisahihishwe. Mwanafunzi anayeandika mara nne kwa mwezi na kusahihishwa mara moja huendelea kuliko anayeandika mara moja tu. Mwalimu anaweza kutangaza mapema kwamba wiki hii ataangalia jambo moja, labda mipaka ya aya au herufi kubwa, na kuacha mengine yote. Anaweza kusoma aya moja iliyochaguliwa na mwandishi mwenyewe. Wanafunzi wakisomeana wawili wawili kabla ya kukusanya, makosa mengi ya haraka hutoka. Badala ya kuandika neno sahihi juu ya lililokosewa, mwalimu huweka nukta pembeni mwa mstari. Nukta mbili maana yake makosa mawili, na mwenye daftari huyatafuta mwenyewe. Kalamu nyekundu inaweza kubaki mezani, lakini sentensi moja iliyoandikwa chini ya kazi, inayojibu alichosema mtoto badala ya jinsi alivyokisema, husomwa kabla ya alama.